Dakika Moja ya Siki

Mama anakwenda zahanati na shida ya uchafu unaomtoka ukeni. Anaulizwa kama unawasha, kama unanuka. Anaandikiwa metronidazole na vidonge vya kuweka vya fangasi, anarudi nyumbani. Miezi mitatu haijaisha, uchafu umerudi, naye anaandikiwa dawa zile zile. Safari ya tatu anaambiwa ana PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, anachomwa sindano. Katika safari zote hizo hakuna aliyempandisha kitandani, akawasha taa, akautazama mlango wa kizazi.

Mara nyingi uchafu huo si saratani, na dawa zile zina kazi yake. Shida ni kwamba saratani ya mlango wa kizazi, kichocho cha kizazi na maambukizi madogo ya bakteria vyote vinaweza kuanza na malalamiko hayo hayo, na huwezi kuvitenganisha kwa maswali peke yake. Inabidi mtu aangalie, na kwa saratani aangalie baada ya kuupaka mlango huo siki na kungoja dakika moja. Na wewe unayekwenda kutibiwa una haki ya kusema: "Nesi, naomba uniangalie mlango wa kizazi kabla hujaniandikia dawa."

Mlango wa kizazi ni shingo ya mfuko wa uzazi, sehemu inayojitokeza juu kabisa ya uke. Ukiigusa kwa kidole safi ni ngumu kiasi, kama ncha ya pua, na katikati ina tundu dogo ambamo hedhi hupita. Umefunikwa na ngozi za aina mbili. Ile ya nje ina matabaka mengi, ngumu, rangi ya waridi. Ile inayotoka ndani ya tundu ni nyembamba, nyekundu, na ndiyo inayotoa ute. Zinapokutana pana mpaka, na mpaka huo hausimami mahali pamoja maisha yote: kwa msichana na kwa mjamzito unasogea nje, kwa mwanamke aliyekoma hedhi unarudi ndani ya tundu. Virusi vya HPV hupenda kushika hapo mpakani, na saratani karibu zote za mlango wa kizazi huanzia hapo.

Kwa sababu hiyo hiyo, wanawake wengi vijana, hasa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, huambiwa wana "kidonda kwenye kizazi" kwa kuwa nesi ameona wekundu kuzunguka tundu. Mara nyingi ni ile ngozi nyembamba ya ndani imejitokeza nje. Si kidonda wala si ugonjwa, na haihitaji antibiotiki. Ukiambiwa una kidonda, uliza: kimepakwa siki, au kimeonekana tu kwa macho?

HPV iko ya aina nyingi. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Watu wengi walioanza kujamiiana huipata wakati fulani, na mwili huifukuza wenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Tatizo ni kwa yule ambaye virusi vimegoma kutoka. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kutoka maambukizi hadi saratani huchukua kama miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga iliyoshuka, kwa mfano VVU isiyotibiwa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na kwa ujumla wanawake wenye VVU wana hatari ya saratani hii mara sita kuliko wengine. Katika miaka yote hiyo hakuna maumivu, hakuna damu, hakuna harufu. Ndiyo maana kipimo cha saratani hii hufanywa ukiwa mzima. Anayesubiri dalili anakuwa amechelewa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mwanamke aanze kupimwa akiwa na miaka 30, na mwenye VVU akiwa na miaka 25. Kwa kipimo cha siki, ambacho vituoni huitwa VIA, unarudi kila baada ya miaka 3 kama jibu ni zuri. Kwa kipimo cha vinasaba vya HPV, muda ni miaka 5 hadi 10, na kwa mwenye VVU ni miaka 3 hadi 5. Kama kliniki yako ya matunzo na tiba ya VVU, yaani CTC, inakutaka urudi kila mwaka kwa siki, fuata ratiba ya CTC.

Maandalizi ni madogo. Usiende ukiwa kwenye hedhi, kwa sababu damu inafunika kila kitu. Kwa siku moja au mbili kabla, usijamiiane, usiweke dawa ukeni, na usijioshe ndani. Kama umejifungua, subiri wiki 6. Kama una kitanzi, si kizuizi: nyuzi zake zitaonekana na kipimo kitaendelea. Kama una mimba au unahisi unayo, sema mapema, maana tiba ya kugandisha haifanywi kwa mjamzito. Ambaye hajawahi kujamiiana hana haja ya kipimo hiki. Kojoa kabla ya kupanda kitandani, kwa sababu kibofu kilichojaa huongeza karaha. Vaa gauni au sketi, na beba khanga ya kujifunika.

Ukishalala chali, magoti yamekunjwa na kupanuliwa, nesi ataanza kwa kuangalia nje. Kisha ataingiza spekulamu, kile chombo chenye midomo miwili kama mdomo wa bata. Huingizwa kimefungwa, na hufunguliwa kikishafika ndani. Kina saizi tofauti, na kwa mwanamke ambaye hajazaa inafaa ndogo. Kikiwa cha chuma, kipashwe kwa maji ya uvuguvugu. Baridi ya chuma humfanya mtu akaze misuli bila kutaka, na misuli ikikazwa ndipo inapouma. Shusha makalio yaguse kitanda, legeza taya, toa pumzi taratibu kwa mdomo. Ukisikia maumivu makali, mwambie asimame. Hata hivyo, kubanwa na kusikia uzito ni kawaida.

Chombo hicho lazima kiwe kimeoshwa na kutakaswa kwa mvuke, au kuchemshwa dakika 20, au kiwe cha plastiki cha kutumia mara moja. Kuomba uone pakiti ikifunguliwa si ukorofi.

Sasa siki. Kwanza nesi anatazama mlango ulivyo bila kuweka chochote: kuna uvimbe, kidonda, damu inayotoka ukiguswa? Anafuta ute kwa pamba. Halafu analowesha pamba kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, nguvu ile ile ya siki nyeupe ya jikoni, na kuupaka mlango wote. Utasikia ubaridi, pengine mwasho kidogo. Kisha anangoja dakika moja kamili, kwa saa. Siki hugandisha kwa muda protini zilizomo kwenye seli, na seli zilizoanza kuharibika zina protini nyingi kuliko seli nzima, hivyo hugeuka nyeupe. Doa la shaka ni zito, kingo zake zinaonekana wazi, na limegusa ule mpaka wa ngozi mbili. Mstari mwembamba mweupe kuzunguka tundu, au weupe hafifu usio na kingo, ni wa kawaida. Jibu unalipata hapo hapo, hujavaa hata viatu.

Kipimo hiki kina udhaifu wake, na ni vizuri uujue. Kinategemea jicho la mtu. Taa hafifu inakiharibu. Ute usiofutwa unakiharibu. Nesi mwenye foleni ndefu anayepaka na kutazama baada ya sekunde kumi atasema "hasi" kwa doa ambalo lilikuwa halijajitokeza. Siki iliyoongezwa maji kupita kiasi haigeuzi kitu. Kwa upande mwingine, maambukizi yanayowaka wakati huo yanaweza kuleta weupe wa uongo, na ndiyo sababu uchafu mkali hutibiwa kwanza kisha mtu akaitwa tena. Mahali wanapotumia asidi kali ya maabara, lazima izimuliwe: mililita 5 za asidi kwenye mililita 95 za maji. Ikipakwa bila kuzimuliwa inaunguza vibaya. Basi usijaribu jambo hili nyumbani, hata kwa siki ya dukani, kwa sababu mlango wenyewe huwezi kuuona.

Na kwa mwanamke aliyevuka miaka 50, au aliyekwisha koma hedhi, siki haiaminiki. Mpaka ule umekwisha kuingia ndani ya tundu, jicho haliufikii. Kwake kipimo kinachofaa ni cha HPV au cha Pap, ambacho ni kukwangua seli kwa brashi na kuzipeleka maabara. Akiambiwa "VIA yako ni nzuri, mama" na akaridhika, hajapimwa.

Kipimo cha HPV kinazidi kusambaa, na ninakipenda kwa sababu mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, chooni au nyuma ya pazia. Unapewa brashi laini au kijiti cha pamba. Nawa mikono, usiguse ncha, ingiza taratibu hadi usikie kizuizi, zungusha mara kadhaa kama maelezo ya kifurushi yanavyosema, toa, weka kwenye kichupa. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali nyingi zinazo kwa ajili ya TB, zinaweza kusoma kipimo hiki pia kwa takriban saa moja. Jibu chanya maana yake virusi vimo, na sasa inabidi mlango uangaliwe. Hujaambiwa una saratani.

Jambo moja hapa linagusa nyumba nyingi. HPV inaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Mwanamke aliyeolewa miaka 12 akikutwa nayo, hakuna daktari wala mashine inayoweza kusema aliipata lini au kwa nani. Mume anayeondoka na jibu hilo kama ushahidi wa uzinzi anadai kitu ambacho kipimo hakisemi, na mke anayeficha jibu kwa hofu hiyo anakosa tiba. Manesi wanaotoa majibu walieleze hili kabla ya kutoa jibu.

Ukionekana una mabadiliko ya awali, uliza maswali mawili: naweza kutibiwa leo? na kama si leo, lini na wapi? Wanawake wengi hupotelea kwenye pengo hili. Kipimo amefanya, jibu amepata, karatasi ya rufaa iko kwenye pochi, na nauli ya kwenda hospitali ya mkoa haipo. Kwa hiyo ni bora kupimwa katika kituo ambacho kina mashine ya tiba siku hiyo hiyo. Ulizia kabla hujapanda kitandani.

Tiba ziko mbili kubwa za kituoni. Ya kwanza ni tiba mgando: ncha ya chuma hupozwa kwa gesi na kugandisha sehemu iliyoharibika kwa dakika 3, inaachwa iyeyuke dakika 5, kisha inagandishwa tena dakika 3. Ya pili ni tiba ya joto, ambapo ncha yenye joto la nyuzi 100 au zaidi hugusishwa kwa sekunde 20 hadi 30, na kurudiwa pale doa lilipo kubwa. Tiba ya joto imeshika kasi kwa sababu inaweza kutumia betri, haihitaji mtungi wa gesi, na mtungi wa gesi ukiisha wilayani unaweza kukaa wiki nyingi haujajazwa. Zote mbili huleta mkakamao wa tumbo kama wa hedhi, ambao hutulia kwa ibuprofen au panado. Zote hufaa tu kama doa linaonekana lote, halijaingia ndani ya tundu, halizidi robo tatu ya mlango, na hakuna kinachofanana na saratani yenyewe. Doa likizidi hapo, unapelekwa hospitali kwa LEEP, yaani kukata sehemu hiyo kwa waya wa umeme ukiwa umechomwa ganzi.

Baada ya tiba mgando, maji mengi yatakutoka ukeni kwa wiki 4 hadi 6, pengine na alama za damu. Wasiojua hili hukimbilia duka la dawa na kununua antibiotiki. Vaa pedi, usiingize chochote ukeni, na usijamiiane wiki 4. Kama hilo haliwezekani nyumbani kwako, kondomu kila mara, bila kukosa. Rudi haraka kama una homa, maumivu makali ya tumbo la chini, usaha wenye harufu mbaya, au damu nyingi kuliko hedhi yako nzito. Kisha rudi baada ya mwaka mmoja kuangaliwa tena, hata ukijisikia mzima kabisa, kwa sababu wapo ambao madoa hurudi.

Nesi akiona uvimbe, kidonda kinachotoa damu kikiguswa au nyama inayomomonyoka, hapaki siki wala hagandishi. Inatakiwa bayopsi, yaani kunyofoa kipande kidogo cha nyama kipimwe, na majibu yafuatiliwe hadi yapatikane. Kwa Tanzania, mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Hatua za mwanzo huweza kutibiwa kwa upasuaji. Zinazofuata hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za saratani. Dalili zinazokupeleka moja kwa moja bila kungoja tarehe ya kliniki ni damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya hedhi mbili, tone lolote la damu baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, na uchafu wa majimaji yenye damu na harufu usioisha.

Kwa walioko pwani, Unguja, Pemba, na vijiji vinavyotegemea maji ya madimbwi na mabwawa, lipo jingine ambalo hata watumishi wengi hulikosa. Kichocho cha mkojo hakiishii kwenye kibofu. Mayai yake hunasa kwenye mlango wa kizazi na ukuta wa uke, na kuleta madoa kama punje za mchanga wa njano, yenye mishipa midogo inayotoa damu kirahisi. Mwanamke analalamika uchafu, maumivu wakati wa tendo, damu baada yake. Anatibiwa magonjwa ya zinaa mara tano, mume naye anatibiwa, ugomvi unaingia nyumbani, na hakuna ugonjwa wa zinaa. Akiangaliwa kwa spekulamu na taa nzuri, punje zinaonekana. Dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 60 anameza miligramu 2400, vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Dawa inaua minyoo; madoa yaliyokwisha kujijenga yanaweza kubaki. Kama uliwahi kukojoa damu utotoni au ulizoea kuoga bwawani, mwambie anayekuangalia, maana hataliuliza.

Nirudi kwenye uchafu. Ute mweupe au wa uwazi, usiowasha wala kunuka, ni wa kawaida, na katikati ya mzunguko huvutika kama ute wa yai. Fangasi huleta uchafu mzito kama mtindi na mwasho mkali. Bakteria huleta uchafu wa kijivu, mwepesi, wenye harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo. Trikomonasi, ugonjwa wa zinaa, huleta uchafu wa njano au kijani, mara nyingine na povu, na hapo mwenzi lazima atibiwe pia. Metronidazole kwa bakteria humezwa miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Anayeacha siku ya tatu kwa kuwa harufu imekwisha atarudi mwezi ujao.

Ndani ya uke hakuoshwi. Uke una asidi yake na bakteria walinzi wanaoitunza. Sabuni, limau, shabu, ugoro na vidonge vya "kubana" vinavyouzwa mitandaoni huua walinzi hao na kuchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa VVU. Osha nje kwa maji, inatosha.

Kwa binti yako nyumbani, chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Dozi moja haikuchaguliwa kwa kubana matumizi tu: utafiti wa Kenya uliofuatilia wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 20 ulionesha inakinga vizuri, na ule wa Mwanza kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 ulionesha mwili unajenga kinga imara. Binti mwenye VVU anahitaji zaidi ya dozi moja, waulize CTC. Chanjo haina kirusi hai, ni ganda la protini tu, na haigusi mayai wala mfuko wa uzazi. Hutolewa mapema kwa sababu inakinga kabla virusi havijaingia. Haivifukuzi vilivyokwisha kuingia. Naye aliyechanjwa, akifika miaka 30 anapanda kitandani kama mama yake.

Ukitoka kliniki, hakikisha kadi yako imeandikwa vitu vinne: tarehe, kipimo kilichofanywa, jibu, na tarehe ya kurudi. "Amepimwa saratani" peke yake haimsaidii nesi wa kituo kingine utakapohama. Ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo.